Rimapu, kiboksi au karakana? Hiace ya samaki, Malindi–Mombasa

Tengesi
Assalaam aleikum jamani. Nina Hiace ya 1KD, ile dizeli ya lita 3.0 yenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Haibebi watu, inabeba samaki. Saa 10 alfajiri natoka Malindi na makasha ya barafu, asubuhi niko Mombasa, mchana narudi mtupu, au na magunia ya mchele Mungu akijalia. Kwenda na kurudi ni kilomita 240 hivi, siku 6 kwa wiki. Sasa gari limeanza ulevi. Nimejaza tangi na kuandika wiki 3 mfululizo: kilomita 9.2 kwa lita. Na nguvu zimekwisha, kimlima cha kupandwa na baiskeli mimi nashusha gia.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Fundi wa kompyuta wa Mombasa anataka sh 40,000 aandike upya programu ya injini, yaani rimapu, na anaapa mafuta yatapungua asilimia 20. Duka moja linauza kiboksi cha kuchomeka, sh 12,000, unapachika mwenyewe. Fundi wangu wa Kisumu Ndogo yeye anasema nisinunue kitu, nimwachie gari siku 2. Nataka kusikia waliotumia. Wanaouza wapumzike kidogo.

Nahodha_Mkavu
Waaleikum salaam. Mimi nilirimapu mwaka jana, Hilux ya injini ya 2KD, navuta boti kwa trela huko Watamu. Nguvu ni kweli, usibishane na mtu. Dizeli ya tabo huachiwa nafasi kiwandani, maana gari lile lile litauzwa penye baridi na penye joto, penye dizeli safi na chafu, kwa mwenye kubadilisha oili kwa wakati na kwa asiyejua oili inamwagwa wapi. Fundi anaongeza kipimo cha dizeli, anasogeza wakati wa kunyunyiza, anairuhusu tabo isukume hewa zaidi kidogo. Asilimia 15 hadi 30 ya nguvu inapatikana bila kupasua kitu. Zamani kuitoa boti mchangani nilikuwa nanusa klachi ikiungua. Sasa gia ya kwanza, taratibu, inatoka.

Mafuta? Mwezi wa kwanza niliona nafuu. Mwezi wa pili mguu ukazoea raha. Sasa niko pale pale nilipokuwa.

Chumvi_Gongoni
Mimi nina lori la Canter, injini ya 4D33, nabeba chumvi kutoka Gongoni. Kuna kijana alinijia na laptopu anirimapu. Nikamwuliza, mwanangu, utaichomeka wapi? Pampu ile ni chuma kitupu, haina kompyuta hata ya kuhesabia nauli, na injini yenyewe haina tabo. Akalizunguka lori mara 2, akaomba maji ya kunywa.

Wenzangu wa pampu za zamani wanajua kuna skrubu ya kipimo cha dizeli, imepigwa sili. Dereva wangu mmoja aliivunja ile sili bila kuniambia. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kibarazani, nikauona moshi kabla sijaliona lori. Dizeli imeongezwa, hewa ni ile ile, sasa itaungua na nini?

Fundi_Kashata
Mzee Chumvi kalimaliza jambo, mimi naongeza tu. Lita moja ya dizeli ikiungua yote inataka hewa isiyopungua mita 10 za ujazo. Ni chumba cha mita 2 kwa 2, dari mita 2 na nusu, kimejaa hewa mpaka pembeni. Kwa lita moja! Tengesi kwa safari moja unamaliza lita 26. Hesabu vyumba 26, na dizeli kwa kawaida huvuta zaidi ya hapo, vyote vipite kwenye filta moja na mipira miwili mitatu ya tabo. Mpira mmoja ukipasuka, hewa iliyosukumwa na tabo inaishia barabarani na wewe unalipa.

Kiboksi sasa. Kwenye 1KD dizeli inakaa kwenye bomba la pamoja, shinikizo lake linapita bar 1,000, na kuna sensa inayoiambia kompyuta shinikizo limefika wapi. (Mfumo huu si mgeni, Denso waliuweka kwenye lori la Hino mwaka 1995.) Kiboksi kinakaa katikati kama dalali mwongo. Sensa ikisema kubwa, chenyewe kinapeleka habari kwamba ni ndogo. Kompyuta inaamini, inapandisha, dizeli inaingia kuliko ilivyoandikwa. Hakijui injini ina joto gani wala hewa iko kiasi gani. Nguvu utaisikia. Pampu na nozo za kunyunyizia dizeli nazo zitaisikia. Uongo ukizidi taa ya injini inawaka na gari linajibana, halikimbii tena.

Rimapu ya mtu anayejua si kama hiyo, kwa sababu yanabadilishwa majedwali yenyewe, dizeli na hewa pamoja, na mipaka ya joto inabaki. Ila wapo wenye faili moja wanalolibandika kwenye kila gari. Mwulize huyo wa Mombasa maswali mawili: utanipa nakala ya programu yangu ya mwanzo? Na utapima nozo na shinikizo la tabo kabla hujagusa kitu? Akianza kukuonyesha video za simu, kunywa soda yako uondoke.

Tengesi
Mniwie radhi. Kiboksi nilikuwa nimeshakinunua.

Siku ya kwanza nilijiona niko kwenye ndege. Siku ya pili, foleni ya Mtwapa, utingo wa matatu iliyokuwa nyuma yangu akatoa kichwa: "Mzee, unachoma mishikaki?" Nikatazama kioo, moshi mweusi tititi. Siku 4 nimepima, kilomita 9.0 kwa lita, yaani nimerudi nyuma. Siku ya 5, saa 11 kasorobo alfajiri, nimeshapita Gede, kulia msitu wa Arabuko-Sokoke na giza lake, taa ikawaka na gari likawa kama linavuta nanga. Nilifungua kiti, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni, nikachomoa kile kidude na kurudisha plagi ya mwanzo. Lilikubali kwenda lakini taa haikuzimika. Samaki wamefika wamechelewa, mnunuzi akakata bei.

Nahodha_Mkavu
Pole sana ndugu yangu. Tulikuwa tunaandika wewe ushaingia dukani.

Binti_Mambrui
Kaka Tengesi pole. Kwetu baba ana malori 2 ya maembe, daftari ninashika mimi, kwa hiyo nitasema ya daftari tu. Tuchukue sh 170 kwa lita iwe rahisi, maana bei ya EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, hubadilika kila tarehe 14. Tuseme gari liko sawa, linakwenda kilomita 10 kwa lita, safari ni lita 24.

Rimapu ya sh 40,000 ikikupunguzia asilimia 20 kama alivyoapa, unaokoa sh 816 kwa safari, pesa inarudi kwa safari 49. Asilimia 10 ni sh 408, safari 98. Asilimia 3 ni sh 122, safari 328, mwaka na zaidi kwa siku zako 6. Sasa msikilize Nahodha, alipata sifuri. Huyo wa kuapa asilimia 20 aandike kwenye karatasi kwamba isipofika anarudisha pesa. Tuone kama kalamu yake ina wino.

Halafu jambo moja. Unapimaje? Baba alikuwa anajaza "mpaka wasema imetosha". Nikamkatalia. Kituo kile kile, pampu ile ile, bomba likijikata mara ya kwanza unaacha hapo hapo, unaandika kilomita. Na usipime safari moja, pima angalau tangi 3.

Mokowe_Barabara
Mimi ni Mokowe–Malindi na wakati mwingine naendelea Mombasa, Canter ya tabo. Ya kompyuta siyajui sana, najua upepo. Ukitoka 80 ukaenda 100, upepo unaokusukuma kifuani haupandi robo kama mwendo ulivyopanda, unapanda asilimia 56. Na Hiace ni sanduku. Tengesi, juu una kereya?

Tairi nalo. Sisi wa barabara ya Garsen tuna tabia ya kupunguza upepo penye mashimo, halafu tunasahau kuurudisha kwenye lami. Nunua geji yako, pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ya vituoni nyingi zimechoka.

Na usiache injini ikiunguruma bure. Siku za misafara ya kusindikizwa na polisi tulikuwa tukisubiri pale Minjila saa nzima injini zinawaka. Canter imesimama inakula karibu lita moja kwa saa, hujasogea hata hatua.

Tengesi
Kereya ipo, ya chuma, na ngazi yake. Mwaka mzima sijapakia kitu juu.

Mokowe_Barabara
Haya basi.

Fundi_Kashata
Tengesi, jambo la 1KD peke yake. Mwambie fundi wako atazame washa, zile pete za shaba zilizo chini ya nozo. Zikivuja, moshi wa kuungua unapenya juu, oili inageuka masizi mazito, mwishowe inaziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hapo tutakuwa hatuzungumzi mafuta tena, tutakuwa tunazungumza injini. Mtu wa rimapu akikuongezea nguvu juu ya washa zinazovuja, amekuharakishia tu.

Chumvi_Gongoni
Na dizeli yenyewe mnainunua wapi? Ile ya mitungi pembeni mwa barabara ina mafuta taa ndani. Mafuta taa ni makavu, hayalainishi pampu. Serikali iliweka sh 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili uchanganyaji usiwe na faida, lakini mchanganyaji hakosi hila. Mimi nimeua pampu moja hivyo, sirudii.

Tengesi
Nimerudi baada ya wiki 3. Gari lilikaa kwa fundi siku 2 kama alivyosema, mimi kijiti mdomoni kwenye kibao cha karakana.

Filta ya hewa alipoigonga kwenye tofali ilitoa vumbi jekundu kama hina, rundo la kujaza kikombe. Niliinunua nikidhani ni mpya, kumbe ina miaka 2. Nozo zote akazitoa: washa moja kati ya 4 ilikuwa inavuja, pembeni kumeganda masizi kama lami. Akazibadilisha zote. Plagi ya sensa ya hewa ilikuwa na kutu ya kijani, hii chumvi ya bahari inaingia kila mahali, akaisugua na kuifunga vizuri.

Lakini lililonistaajabisha ni hili. Alifungua mpira unaoingia kwenye tabo, akauziba kwa mkebe wa rangi uliotobolewa na kutiwa vavu ya tairi. Akachomeka kompresa, akapandisha taratibu, bar 1 tu. Kisha akamwita kijana wake na bakuli la povu la sabuni na brashi ya kunyolea. Wakapaka mpira mmoja mmoja. Tulipofika kwenye ule unaotoka kwenye intakula, kile kipoza hewa ya tabo, upande wa chini ambako jicho halifiki, povu likaanza kuchemka lenyewe. Mpasuko wa urefu wa kidole. Injini ikizimwa unajifunga, tabo ikisukuma unafunguka. Nimeutembeza Mombasa na kurudi sijui mara ngapi.

Kereya nimeishusha. Tairi zilikuwa na psi 32, kibandiko cha mlangoni kinataka zaidi kwa mzigo wangu, nimezijaza. Kusema kweli mwendo nao nimeupunguza, nilikuwa natembea 100 na zaidi nikirudi mtupu.

Tangi 4, kituo kile kile, bomba likijikata naacha: kilomita 10.2 kwa lita. Gharama yote na kazi sh 17,300.

Binti_Mambrui
Kutoka lita 26.1 hadi 23.5. Lita 2.6 kwa safari, sh 442. Safari 39 pesa imerudi, wiki 6 na nusu. Ila umebadilisha mambo saba kwa pamoja, kaka, hatutajua mpira umeleta ngapi na mguu umeleta ngapi.

Tengesi
Mguu umechangia, siwezi kukataa.

Nahodha_Mkavu
Sasa ndio wakati wa rimapu. Gari lina afya.

Fundi_Kashata
Hapo nakubaliana nawe nusu. Injini sasa inaweza kuipokea. Lakini gari la barafu na samaki, barabara tambarare, nguvu ya ziada atakwenda nayo wapi? Angekuwa anapanda Nairobi ningesema mengine. Kulipandisha gari la tani 8 kutoka baharini hadi mita 1,700 ni zaidi ya lita 10 za kupanda peke yake, na programu haiipunguzi milima. Ila kule nguvu inakuokolea kushusha gia na muda. Wewe wa boti mchangani ulikuwa na haja nayo. Yeye sioni. Na akiamua, klachi itazamwe kwanza.

Nahodha_Mkavu
Siku akibeba mchele tani nzima kwenye mvua ataniita.

Tengesi
Tusubiri kaskazi iingie, samaki wawe wengi, mfuko uzungumze. Kiboksi nimekirudisha dukani wamekikataa, kiko kwenye dashibodi.

Chumvi_Gongoni
Achana na kiboksi. Ule mpira wa intakula umeupata duka gani? Shemeji yangu ana Canter ya tabo, akikanyaga mafuta inapiga zumari kama kuna harusi chini ya kabini. Wamemwambia ni tabo imekufa anunue nyingine.

Fundi_Kashata
Asinunue! Mlete Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Sabuni aje nayo.