Naomba ushauri: London hadi New York, nipange kwa saa ngapi?

Wakuu, habari zenu. London hadi New York ni takriban kilomita 5,500 kwa njia ya anga. Nikagawa kwa mwendo wa ndege, kama kilomita 900 kwa saa, nikapata saa 6 na ushee. Tiketi inasema karibu saa 8 kwenda, 7 kurudi! Najua kwenda unapingana na ule upepo mkali wa juu unaovuma kuelekea mashariki, lakini ndio unakula saa nzima? Halafu New York iko nyuma kwa saa 5, basi nachanganyikiwa kabisa. Nikitua nina ndege nyingine ya kuunganisha, na foleni ya uhamiaji ipo. Saa 2 zinatosha, au nichukue ya baadaye? Mliopita njia hii nisaidieni.