Familia ya Kukhu (bibi yetu), Kakamega

Baba Neema: Mulembe wote. Neema anamaliza udaktari mwaka huu, na sasa anasema hataki kubaki wodini. Anataka afya ya jamii. Miaka 6 ya karo! Dada, ongea naye.

Senje Rose: Kaka, unamjua Profesa Miriam Were?

Baba Neema: Si ndiye aliyeongoza baraza la kudhibiti UKIMWI?

Senje Rose: Huyo huyo. Mzaliwa wa Lugala, hapa hapa kwetu, 1940. Alisomea sayansi Marekani, akafundisha shule, kisha akarudi darasani mwenyewe. Udaktari akaumaliza Nairobi 1973. Akawa mwalimu wa madaktari chuoni, lakini hakungoja wagonjwa wamfuate. Miaka ile ya sabini alikuja kufanya kazi na wanavijiji wa Kakamega: vyoo, maji safi, chanjo.

Baraka: Kukhu ametuma sauti, naandika alivyosema: "Mimi nilizika wawili kabla ya baba yenu. Ni kuhara. Tulidhani ni jicho la mtu, kumbe ni maji ya kijito. Tulipojengea chemchemi, sikuzika tena."

Baba Neema: Mama hajawahi kuniambia haya.

Senje Rose: Sasa unajua. Na huu mkoba wangu wa mhudumu wa afya ya jamii, tuliopewa 2023, watu kama 100,000 nchi nzima, ni kazi ya aina aliyoipigania miaka yote. Juzi nimempima jirani presha: 190 kwa 110, juu mno. Hakujua. Alikuwa analima tu.

Neema: Baba, siwakimbii wagonjwa. Wodini kuna mtoto nimempokea mara tatu, kuhara ile ile. Tunamtibu vizuri, tunamrudisha kwa maji yale yale. Ninaumia.

Neema: Na Profesa hakupotea kwa kuacha wodi. 2008 Japani ilipotoa Tuzo ya Hideyo Noguchi, ya wanaopigania afya Afrika, kwa mara ya kwanza, walipewa yeye na Brian Greenwood wa Uingereza, mtafiti wa malaria. Baadaye akawa chansela wa Chuo Kikuu cha Moi.

Baba Neema: Mwaka wa mafunzo hospitalini utaumaliza lakini?

Neema: Lazima, Baba. Bila huo hakuna leseni.

Baba Neema: Basi sawa. Ukianza kuomba nafasi ya kusomea afya ya jamii, niambie ni pesa ngapi.

Baraka: Kukhu tena: "Neema akija Jumamosi apitie chemchemini kwanza. Ukuta umepasuka upande wa juu, ng'ombe wanaingia."

Neema: Nitakuja na buti. Senje, twende wote?

Senje Rose: Saa mbili asubuhi. Kaka, lete saruji.