Kava moja au mawili? Kitabu cha katuni, Kiswahili na Kireno

mchoraji_shangani:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara, nimemaliza kuchora kitabu cha katuni, kijana wa Msimbati anahangaishana na pweza. Cha Kiswahili nauza huku, cha Kireno anauza jamaa yangu wa Palma, kule Msumbiji, kashatafsiri. Tatizo anataka kava lake: pweza ajae ukurasa mzima, kijana asionekane kabisa. Mimi nataka picha ileile, tubadili jina tu. Jina nimeliandika kwa njano juu ya bahari. Natanguliza shukrani.

fundi_chapa_lindi:
Mkuu, hiyo njano itakula hela yako. Mashine ya ofseti ina pleti (bamba za kuchapia) nne, kila rangi na yake: sayani (bluu), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Ulaya wakichapa kitabu kimoja cha katuni kwa lugha kadhaa, maneno wanayaweka kwenye nyeusi peke yake. Rangi zinapigwa kwa mkupuo mmoja, ikifika zamu ya lugha nyingine inabadilishwa ile pleti ya nyeusi basi. Herufi za njano juu ya bluu maana yake bluu itobolewe kwa umbo la kila herufi, na Kireno utaanza upya. Andika kwa nyeusi, sehemu ya anga jeupe.

binti_korosho:
Mie nipo na jamaa wa Palma, anawajua wateja wake. Wareno walipoanza kumchapa Tintin, yule kijana mwandishi wa habari wa katuni za Ubelgiji, mwaka 1936 kwenye jarida la O Papagaio, walimwita Tim-Tim, wakamtia rangi wakati kwao Ubelgiji bado ni nyeusi na nyeupe. Baadaye safari yake ya Kongo wakaifanya ya Angola! Wewe unabishia pweza?

mzee_wa_ligula:
Shukuru si Kiarabu, kijana. Hapo kitabu kinafungukia upande wa pili. Katuni za Kijapani nazo hufungukia huko, na zilipogeuzwa kama kwenye kioo ili Wazungu wasome, wapiganaji wakawa mashoto watupu.

mchoraji_shangani:
😂 Shikamoo mzee. Fundi, kama ni nakala mia mbili tu kila lugha?

fundi_chapa_lindi:
Si ungesema mapema! Mia mbili peleka digitali, huko hakuna pleti, njano yako ruksa. Ila kwenye kompyuta jina likae kwenye leya yake (tabaka lake peke yake juu ya picha), na bahari uichore mpaka chini ya herufi, usiache tundu. Pweza wa Palma mchore, lakini hiyo kazi ya ziada jamaa akulipe.