Keshi au replika? Mfumo wa bei za mazao unazidiwa kila asubuhi

mwana_Kibaigwa: Wakuu habari za leo, naombeni ushauri. Nina mfumo wa bei za mazao, mahindi, alizeti, karanga, wanautumia madalali na wakulima wa huku Kibaigwa mpaka Kondoa. Seva moja tu, databesi ni PostgreSQL. Kuanzia saa moja asubuhi kila mtu anafungua ukurasa uleule wa bei, CPU ya databesi inagonga asilimia mia, simu zinaanza kuita. Jamaa mmoja ananiambia weka Redis iwe keshi, yaani majibu yaliyokwisha tafutwa yakae tayari kwenye kumbukumbu ya haraka (RAM), mwingine anasema nunua seva ya pili uweke replika, yaani nakala ya databesi inayofuata mabadiliko ya seva kuu, wasomaji waende huko. Hela ninayo ya seva moja tu. Nishike lipi?

fundi_Changombe: Mkuu, bei zinabadilika mara ngapi kwa siku?

mwana_Kibaigwa: Mara mbili, alfajiri na saa nane mchana basi.

fundi_Changombe: Basi keshi, usiumize kichwa. Databesi inaulizwa swali moja mara elfu na jibu ni lilelile, ya nini ipige hesabu upya? Liweke jibu kwenye RAM, lipe dakika kumi za kuishi, na anayeingiza bei mpya akishasevu tu programu ifute la zamani palepale. Hapo kwenye kufuta ndo wengi tunaanguka, ukisahau sehemu moja tu mkulima anauza gunia kwa bei ya jana na hiyo hasara ni yake siyo yako.

binti_Makulu: Kaka nakupinga kidogo. Keshi haikuokoi seva ikifa. Sisi tulikuwa na mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa, diski ya seva kuu ikafa siku ya mikopo, tukaipandisha replika ikawa kuu, watu wakaendelea. Na siyo kazi ngumu, PostgreSQL inatiririsha yenyewe mabadiliko kwenda replika tangu toleo la 9.0 la 2010. Ila replika nayo ina lake, ukiiacha ilivyo inafuata nyuma, seva kuu inamwambia mteja tayari wakati replika haijapata kitu. Mama mmoja aliweka hela, akafungua salio likasomwa kwenye replika, halijaongezeka, akaweka tena! Iliniuma sana ile. Toka siku hiyo salio linasomwa seva kuu tu, ripoti ndo ziende replika.

mzee_wa_Kongwa: Vijana wangu, replika msiiite bakapu. Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, replika nayo inafuta muda mfupi tu baadaye. Na wewe mwana Kibaigwa kabla hujanunua chochote hebu piga EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha databesi inavyotafuta jibu, kwenye hiyo kwari (swali linaloulizwa databesi) tuone.

mwana_Kibaigwa: Mzee shikamoo, na asante sana. Nimepiga, inasoma jedwali zima tangu msimu wa kwanza! Nimeweka indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) ya soko, zao na tarehe, leo asubuhi CPU haijavuka arobaini. Keshi naiweka hukuhuku kwa ukurasa wa bei, hela ya seva naipeleka kwenye replika maana nikizimika siku ya soko sina pa kushika.

fundi_Changombe: Safi sana. Kitu kimoja tu, zile dakika kumi zikiisha saa moja na nusu, watu wote waliopo wanakimbilia databesi kwa mkupuo. Weka kufuli, mmoja akachote jibu jipya, wengine wapewe la zamani kwa hizo sekunde mbili tatu.