Piki ya gitaa inanasa nikichapa kwenda juu, na nyuzi zinashika kutu mapema

MkongeSauti: Wakuu habari. Gitaa ni akustika, nyuzi za chuma namba 12 (ndio unene wake). Kuchapa kwenda chini kuko sawa, ila nikirudi juu piki (kile kipande cha kuchapia nyuzi) inanasa na mdundo unakatika, hasa nikihama kutoka kodi ya G kwenda ya C. Halafu nyuzi zinashika kutu haraka, niko Tanga karibu na bahari. Nirekebishe wapi?

RidhimuKwanza: Mkuu, piki kunasa mara nyingi ni kwa sababu imetokeza mno vidoleni. Acha ncha ya milimita 3 au 4 tu, na tumia nyembamba, kati ya milimita 0.60 na 0.73. Ukipanda, ilaze kidogo ncha iangalie sakafu, wala usilazimishe kugusa nyuzi zote sita. Zile tatu nyembamba zinatosha.

Mdundo kukatika ni jambo jingine kabisa. Mkono wa kulia unasimama kuungoja wa kushoto ukamate C. Usiuruhusu! Weka metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye 60 kwa dakika, hesabu "moja na mbili na tatu na nne na". Kila namba mkono unashuka, kila "na" unapanda, upige usipige. Sasa chapa: chini kwenye moja, chini-juu kwenye mbili, kwenye tatu mkono ushuke hewani bila kugusa uzi, juu kwenye "na" yake, kisha chini-juu kwenye nne. Hapo kwenye tatu ndipo wengi wanaganda. Anza nyuzi zote ukiwa umezizima kwa mkono wa kushoto, usikie chaka-chaka tu, ndipo uingize G na C. Ile "na" ya mwisho kabla ya kuhama ichape nyuzi zikiwa wazi, vidole viko njiani tayari. Kwa mwendo wa kawaida hakuna atakayesikia kasoro.

FundiNyuzi: Kutu ni jasho na hewa ya chumvi. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, pitisha kitambaa kikavu cha pamba kwenye kila uzi, na chini yake pia, maana uchafu unajificha huko. Lifungie gitaa kwenye begi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nyuzi zenye utando wa kinga ni ghali zaidi lakini kwa pwani zinadumu.

Pitisha kucha chini ya uzi juu ya freti (vile vyuma vya kukingama shingoni) za kwanza. Ukihisi vishimo, uzi umechoka, badilisha.

MkongeSauti: Asante wakuu. Vipi kuzichemsha? Nimeambiwa zinarudi upya.

FundiNyuzi: Maji ya moto yanatoa uchafu kwenye nyuzi nene zilizosokotwa, mng'ao unarudi kwa muda mfupi. Vishimo na kutu havitoki. Nunua seti mpya, na kama vidole bado vinauma chukua namba 10 au 11.

Badilisha mmoja mmoja. Acha uzi uzidi sentimita 5 hivi kupita ufunguo wake wa kukazia, upate mizunguko 2 au 3, kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia. Uvute taratibu kwa vidole, tuni tena, rudia mpaka usishuke. Ukisikia "tiki" wakati wa kutuni, uzi unakwama kwenye mfereji wa kile kifupa cha juu ya shingo: sugua humo ncha ya penseli.

RidhimuKwanza: Niongeze kwa wanaosoma: gitaa la nyuzi za nailoni msilifunge za chuma. Mvuto wa nyuzi za chuma ni mkubwa zaidi, briji (kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) inaweza kung'oka.