Mrehani na kivumbasi vimejaa uwani, navizuiaje bila kuvimaliza?

MamaLulu_Malindi
Asalam aleykum wapendwa, naomba msaada. Tumehamia nyumba moja hapa Malindi na uwani tumekuta mrehani mwingi na kivumbasi kando ya ukuta, harufu yake jioni raha tupu, lakini tangu masika yaanze vimche vinaota kila pahala, kwenye tuta la mchicha, kwenye nyufa za saruji, mpaka ndani ya makopo ya bilingani. Nang'oa leo keshokutwa vimerudi. Mnanaa nao umetoka pahala pake unaelekea kwenye nyanya. Sitaki kuvimaliza kwa sababu navitumia. Kuna jirani kaniambia nimwage maji ya chumvi, ni sawa?

MkulimaGede
Waaleykum salaam dada. Chumvi usimwage kabisa! Visima vingi vya huku maji yake tayari yana chumvichumvi, ukiongeza nyingine utaua na mchicha na bilingani na udongo wenyewe uharibike. Dawa ya kuua magugu pia achana nayo, mrehani ni kitu cha kutia mdomoni na kuvaa kichwani.

Shida iko kwenye kishada cha maua. Kinaiva kuanzia chini kwenda juu, kwa hivyo huku juu bado unaona maua meupe, kumbe chini mbegu zishaanza kumwagika, na kila ua hubeba mbegu mpaka nne, sasa hesabu vishada vya mti mmoja. Kata mara tu maua ya kwanza yakifunguka. Tena ukikata utazidi kuchipua majani laini, ukiuacha uzae majani hupungua na kukakamaa.

BintiAmu
Mashallah umeeleza vizuri. Mie niko Lamu, mrehani wa uwani kwetu haupati nafasi ya kuzaa mbegu, arusi zikikaribia watunga vikuba, yale mashada madogo ya kujipamba, wanakuja kutaka ncha zake za kuchanganya na asumini. Uliza mtaani kwako mamangu, hutakosa mwenye kuzitaka. Na vishada vilivyoanza kukauka usivitupe kwenye shimo la mbolea, mbegu zitarudi na mbolea kwenye matuta, vitie kwenye mfuko wa karatasi.

MamaLulu_Malindi
Ahsanteni sana. Na hizo mbegu zilizokwisha kumwagika je?

MkulimaGede
Hizo zinataka subira, na usilime kwa kina. Mbegu ya mrehani ni ndogo, huota ikiwa juujuu, ukipiga jembe kubwa unazika hizi unafukua za zamani. Parua juu tu kwa jembe dogo, saa za jua kali, vimche vikiwa bado na majani mawili, vitakauka hapo hapo. Kabla ya kupanda mchicha tena tayarisha tuta, limwagie maji kama vile ushapanda, ngoja vimche vya mrehani viote, viparue, ndio utie mbegu zako. Ikisha mchicha ukiinuka tandaza majani makavu au makumbi ya nazi katikati ya mistari, usiache mchanga wazi. Kwenye nyufa za saruji mwaga maji yanayochemka, basi. Na ukitoka kwenye mrehani mvua imenyesha safisha kandambili, mbegu ikilowa hutoa utelezi ikaganda.

Babu_Shamba
Mwanangu, mnanaa usiuchanganye na hao, wenyewe hutambaa kwa mizizi kwa hivyo kukata maua hakusaidii. Chukua ndoo kuukuu, itoboe chini, ifukie mdomo ubaki juu ya udongo kama vidole vitatu, panda humo. Ule uliofika kwenye nyanya ung'oe udongo ukiwa majimaji na uokote kila kipande cha mzizi, kikibaki kimoja kitachipua.

Kivumbasi nacho angalia nje ya ukuta. Ikiwa kiwanja cha jirani kimejaa, muombe ruhusa ukate na huko kabla hakijakauka, la sivyo utaparua kila msimu.