Naomba ushauri: mapigo ya moyo ya kurithi, epijenetiki inaweza kunisaidia?

Mtafuta_Nuru: Wakuu salaam. Baba yangu ana tatizo la mapigo kukosa mpangilio, ile atriali fibrileshoni, na marehemu babu naye moyo ulimsumbua. Nimesoma kwamba si jeni peke yake, kuna mabadiliko ya epijenetiki, yaani ya namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa, na yanaweza kurekebishwa. Je, kuna kipimo cha kunionyesha jeni zangu za moyo zipi zimezimwa? Na zinarudishwaje? Silali kwa mawazo.

Darasa_Huru: Pole mkuu. Chukulia DNA ni shairi. Maneno ni yale yale, ila kuna alama zinazoamua beti ipi isomwe na ipi irukwe: metili kwenye DNA yenyewe, asetili kwenye histoni (protini ambazo DNA imezungushiwa), halafu kuna maikroRNA zinazozuia ujumbe wa jeni usigeuzwe protini. Kwenye moyo hili si nadharia tupu. MiR-1, moja ya hizo maikroRNA, inagusa njia za potasiamu na zile protini zinazounganisha seli ili umeme upite. MiR-21 inahusishwa na makovu kwenye vyumba vya juu vya moyo, na umeme ukikutana na kovu unazunguka hovyo. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walivuruga makusudi mapigo ya mbuzi, wakaona kadiri vurugu ilivyoendelea ndivyo ilivyozidi kung'ang'ania. Moyo unajibadilisha kwa kile unachopitia.

Ila kipimo unachotaka hospitali hazinacho. Alama hizo hutofautiana kati ya tishu na tishu, na damu ya mkononi haikuelezi sawasawa kilichomo kwenye chumba cha moyo.

Mama_Zuhura: Mdogo wangu alihangaika na moyo kwenda mbio, kumbe ni tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Alipotibiwa tezi, moyo ukatulia. Pima tezi mwanangu, hayo ya jeni baadaye.

Mzee_Mkweli: Vijana mnatafuta jeni, pombe hamtaki kuitaja. Utafiti wa Australia uliotoka 2020 ulionyesha wanywaji wenye tatizo hilo walioacha pombe lilijirudia kwao mara chache zaidi. Acha pombe, acha sigara, punguza uzito.

Mtafuta_Nuru: Mzee, mimi sinywi wala sivuti. Nauliza kuhusu jeni.

Nesi_wa_Zamu: Ndugu, swali moja tu. Wewe mwenyewe umeshapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo? Ilisemaje?

Mtafuta_Nuru: Nilipimwa. Ninayo na mimi.

Nesi_wa_Zamu: Dawa gani umepewa, na unazimeza?

Mtafuta_Nuru: Nilipewa ya kupunguza kasi na warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda. Ya kasi nameza. Warfarini nimeiweka pembeni wiki kadhaa sasa, kwa sababu natumia unga wa majani wa kurekebisha epijenetiki na pakiti inasema usichanganywe na dawa za damu. Sikukurupuka, nimesoma sana. Na tangu nianze unga moyo umetulia.

Nesi_wa_Zamu: Hapo ndipo penye hatari. Kutulia si kupona, tatizo hili huja na kuondoka bila mtu kuhisi. Damu ikituama kwenye kifuko cha chumba cha juu kushoto inaganda, bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Hatari yake kwa wenye ugonjwa huu ni karibu mara 5 ya wasio nao. Na majani mabichi mengi yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Piga simu kliniki leo. Usianze tena kwa kujikadiria dozi.

Jicho_Kali: Wakuu, hii chai. Mwanzo baba, halafu babu, sasa yeye, mwisho unga. Ukurasa unaofuata tutapewa namba ya muuzaji.

Kipepeo: Nilihisi hivyo hivyo. Weka picha ya pakiti tuone.

Mtafuta_Nuru: Sijataja jina la unga wala bei, na sitataja. Nilianza na baba kwa sababu nilimwona anavyoishi kwa kuchomwa sindano za vipimo. Sitaki maisha hayo. Kama alama zinabadilika, kwa nini nisijaribu?

Darasa_Huru: Kujaribu si kosa. Zipo dawa zinazogusa histoni na zimefanyiwa majaribio kwa wanyama wenye tatizo hili. Lakini asetili ipo kwenye seli zote za mwili, kwa hiyo ukiibadilisha kila mahali hujui unasomesha beti gani kwenye ini au kwenye ubongo. Huo unga nani aliupima kwenye moyo wa mtu?

Jicho_Kali: Bado nasubiri picha.

Mtafuta_Nuru: Nimepiga simu. Wamesema nije kesho asubuhi wapime INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, nisimeze chochote cha kujiongezea. Nikikutwa sawa, nitaruhusiwa kuendelea na unga?

Nesi_wa_Zamu: Nenda na pakiti umuulize daktari. Na usiku huu mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usingoje asubuhi.